Nembo ya bidhaa ndogo: itengenezwe vipi ili itambulike Busia, Tororo na njiani

Samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaouzwa sokoni Busia wana majina matatu. Upande wa Kenya huitwa omena, upande wa Uganda huitwa mukene, na mfanyabiashara aliyetoka Mwanza huwaita dagaa. Samaki ni wale wale. Anayewafunga kwenye pakiti na kuandika jina moja tu kwa herufi tupu amewapoteza wanunuzi kabla mzigo haujafika getini. Anayechora samaki mdogo juu ya jina lake ameeleweka kote.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, umuhimu wa nembo huanzia hapo. Wapo wanaodhani kwamba nembo ni shughuli ya makampuni makubwa yenye ofisi Nairobi na Kampala. Lakini kikundi kinachosaga karanga Tororo, au kijana anayefungasha asali Busia, ndio wanaoihitaji zaidi, kwa sababu hawana fedha za kutangaza redioni. Mteja aliyeipenda bidhaa yao mara ya kwanza ana njia moja tu ya kuipata tena, nayo ni kuitambua kwenye rafu. Asipoitambua atachukua ya jirani.

Makala haya yanaeleza ni nembo ya namna gani inayofaa bidhaa ndogo inayouzwa pande zote mbili za mpaka, jinsi ya kuijaribu kabla ya kulipia maelfu ya lebo, na mahali pa kuiandikisha isije ikachukuliwa na mwingine.

Mnunuzi huomba picha

Desturi hii si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi wakulima wa Afrika Mashariki wamenunua majembe na mapanga kwa kutaja mnyama aliyegongwa kwenye chuma. Mtu aliingia dukani akaomba jembe la mamba au la jogoo, akapewa, bila kujua kiwanda kiko nchi gani wala kusoma herufi hata moja. Unga wa Jogoo nchini Kenya umepita njia hiyo hiyo. Mtoto anayetumwa dukani hataji jina la kampuni ya kusaga, anamtaja jogoo. Bia ya Tusker nayo, iliyoanza kutengenezwa Nairobi miaka ya 1920, inajulikana kwa kichwa cha tembo hata na watu wasiokunywa pombe.

Kwa hiyo mwenye bidhaa ndogo achague kitu kimoja kinachoweza kutajwa kwa neno moja: kikombe, kinu, nyuki, kasuku, ufunguo. Amwonyeshe mtu asiyeijua biashara yake mchoro huo kwa muda mfupi, aufiche, kisha amuulize angeiomba vipi bidhaa hiyo dukani. Akijibu "nipe ile ya kinu", nembo imefaulu. Akianza kueleza duara, majani mawili, mikono inayoshikana na kitu kama jua linalochomoza, haijafaulu.

Kosa la kupakia kila kitu ndani ya nembo moja ni la kawaida mno. Mwenyekiti wa kikundi anataka ramani ya Afrika, mweka hazina anataka jua, katibu anataka herufi za kwanza za jina la kikundi, na mchoraji, kwa kuwa analipwa na wote, anaweka vyote. Mjini Tororo kuna kishawishi kingine, ule mwamba. Unapendeza na unaonekana kutoka mbali, lakini hiyo ndiyo shida yake. Picha ambayo kila mwenye duka, shule na karakana mjini anaweza kuifikiria haimtofautishi yeyote.

Jina nalo lipimwe kwa masikio ya majirani. Ukanda huu una Wateso na Wasamia pande zote mbili za mpaka, Wakhayo upande wa Kenya, Wajopadhola upande wa Tororo, na wasafirishaji wanaozungumza Kiswahili, Kiganda, Kijaluo na Kisomali. Jina fupi lenye silabi mbili au tatu hutamkika na wote. Kabla ya kulichapisha ni vizuri kuwauliza watu wa lugha nne au tano linasikikaje kwao, maana neno zuri katika lugha moja laweza kuwa tusi katika nyingine, na mwenye tusi kwenye mkebe huwa wa mwisho kuambiwa.

Muhuri wa mpira ndio mtihani

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Nembo huchorwa kwenye kompyuta ikiwa kubwa, yenye rangi sita na vivuli, na kila mtu anaifurahia. Kisha inapelekwa kazini. Kazini maana yake ni stika ya sentimita tatu kwenye kifuniko cha mkebe, gunia la kilo 50 lililofumwa kwa nyuzi za plastiki, katoni ya kahawia, kitabu cha risiti, na picha ndogo kwenye simu ya mteja aliyeko Jinja au Kisumu.

Gunia na katoni huchapwa mara nyingi kwa skrini. Katika uchapaji huu wino husukumwa kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, na kila rangi huhitaji fremu yake na kupitishwa peke yake. Rangi moja ni fremu moja. Rangi tatu ni fremu tatu, kazi mara tatu, na fremu ya pili ikisogea kidogo tu, jani la kijani linakaa nje ya mstari wake. Magunia yanayochapwa kwa mashine kiwandani hayana tofauti kubwa, kwani kila rangi hutaka bamba lake. Zaidi ya hayo, wino juu ya gunia lililofumwa huenea. Mistari myembamba hukatika, na matundu ya herufi ndogo kama "a" na "e" huziba.

Ndiyo maana wachoraji wenye uzoefu huanza na rangi nyeusi peke yake. Nembo ikikubalika kwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe, rangi zinaweza kuongezwa baadaye kama nguo. Ikiwa inategemea rangi ili ieleweke, itakwama siku ya kwanza ya kuchapa gunia.

Jaribio rahisi ni kuchongesha muhuri wa mpira wenye nembo hiyo na kuugonga kwenye kipande cha katoni. Jingine ni kuitoa fotokopi, kisha kutoa fotokopi ya fotokopi, kisha ya tatu. Chochote kilichotoweka kwenye nakala ya tatu hakikuwa na haja ya kuwemo. Halafu nembo ipunguzwe hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na kutazamwa tena, na ile kubwa ibandikwe ukutani na kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Gharama ya majaribio yote haya ni ndogo kuliko kutupa lebo elfu moja.

Rangi zina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, rangi ya kwenye kioo cha simu ni mwanga na rangi ya kwenye pakiti ni wino, hivyo hazitafanana kabisa. Mteja asikubali kazi kwa kuangalia simu. Aombe sampuli iliyochapwa juu ya karatasi au plastiki ile ile itakayotumika. Pili, jua. Kwenye stika za bei nafuu, wino mwekundu na wa njano kwa kawaida hupauka kabla ya bluu na nyeusi. Bidhaa nyingi za mpakani hukaa kwenye vibanda vinavyoelekea barabarani, na jina lililoandikwa kwa njano peke yake linaweza kutoweka kabla ya bidhaa kuisha. Jina la bidhaa liwe la rangi nzito, na njano na nyekundu ziachiwe sehemu ambazo zikipauka hazimnyimi mtu habari.

Mafuta na vumbi

Siagi ya karanga hutoa mafuta. Mafuta hayo hupanda hadi kwenye kifuniko, huteremka ubavuni na kuingia kwenye lebo ya karatasi, na baada ya wiki mbili mkebe mzuri unaonekana kama umeokotwa. Sabuni ya maji huyeyusha wino wa printa za kawaida za ofisini. Kwa bidhaa kama hizi stika ya plastiki, au karatasi iliyofunikwa kwa utando wa plastiki, huokoa jina la mwenyewe. Mkebe ufutwe mafuta na kukaushwa kabla ya kubandika, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta hata iwe ya bei gani.

Wapo bado wanaouza asali kwenye chupa za soda au za pombe zilizotumika. Mbali na suala la usafi, chupa hiyo mara nyingi ina jina la kampuni nyingine lililochongwa kwenye kioo chenyewe. Hakuna lebo inayoweza kushindana nalo, na mwenye jina hilo ana haki ya kulalamika.

Mifuko nayo ina habari yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Vifungashio vya kiwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja viliruhusiwa kwa masharti, likiwemo la kuonyesha mtengenezaji ni nani. Anayevuka kutoka Uganda na karanga ndani ya mfuko mtupu usio na jina anajitafutia maswali ambayo nembo na anwani iliyochapwa vizuri ingeyapunguza.

Mzigo wa kuchanganya

Wasafirishaji wana maoni yao kuhusu nembo, ingawa ni nadra kuulizwa. Lori moja linalotoka Tororo laweza kubeba mali ya watu kumi, katoni zote za kahawia na magunia yote meupe. Wakati wa kushusha, mpakiaji hutafuta alama. Ikiwa imechapwa juu ya katoni peke yake, haionekani mara tu katoni nyingine ikiwekwa juu yake. Ikiwa imechapwa upande mmoja, kuna uwezekano mkubwa kwamba upande huo umegeukia ukuta wa bodi. Nembo ya katoni iwe kwenye pande mbili zinazopakana angalau, kubwa, ya rangi moja, pamoja na idadi ya pakiti zilizomo. Kwenye gunia iwe pande zote mbili, mbali na mshono wa mdomo.

Busia mizigo midogo mingi huvushwa kwa bodaboda na kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa na watu wenye ulemavu. Huko pakiti husuguana njia nzima. Wino uliochapwa juu ya plastiki bila kukauka vizuri huhamia kwenye pakiti ya jirani, na mwenye unga mweupe akapokea unga wenye madoa ya bluu. Anayebeba mara nyingi hulaumiwa kwa kosa la aliyechapa.

Nafasi ya maandishi ya lazima

Nembo kubwa inayojaza lebo nzima ina hasara. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka lebo ionyeshe jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ya asili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa kutumika. Afisa wa viwango mpakani hutafuta hayo kwanza. Nembo ikichukua theluthi moja ya lebo inatosha, na namba ya toleo iachiwe nafasi nyeupe isiyo na picha ili muhuri wa tarehe usomeke.

Namba ya toleo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, yakiwemo kujiandikisha kwa waagizaji na cheti kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Chapa hubeba sifa njema na mbaya pia. Mwenye bidhaa akiweza kusema tatizo lipo kwenye toleo fulani tu, anaondoa katoni hizo sokoni na kuendelea na biashara. Asipoweza, kila mkebe wenye nembo yake unashukiwa.

Alama ya ubora ya KEBS na alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) hazimo katika nembo, na haziruhusiwi kuchapwa bila kibali cha mashirika hayo. Kwa aliyezipata kihalali zina faida mpakani. Chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, bidhaa yenye alama inayotambuliwa ya nchi mwanachama inatarajiwa kukubaliwa katika nchi nyingine bila kupimwa upya. Kwa hiyo mchoraji aache nafasi yake tangu mwanzo, hata kama kibali bado. Vivyo hivyo maneno "Imetengenezwa Uganda" au "Imetengenezwa Kenya" husaidia kuonyesha asili, lakini hayachukui nafasi ya cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani kwa mizigo iliyo kwenye orodha na isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani.

Bendera, ngao ya taifa na msalaba mwekundu visitumike. Msalaba mwekundu, unaopendwa na watengenezaji wa dawa za mitishamba na sabuni, unalindwa na Mikataba ya Geneva na sheria za nchi.

Faili libaki kwa mwenye bidhaa

Wengi huchoresha Nasser Road mjini Kampala au River Road mjini Nairobi, hulipa, hupewa stika zao, na kurudi nyumbani wakiwa na picha kwenye simu. Mwaka unaofuata wanataka bango, yule kijana amehama, na picha ya simu ikikuzwa inakuwa vitone vitone. Kinachotakiwa ni faili la vekta, yaani mchoro ulioundwa kwa mistari ambao hukuzwa hadi ukubwa wa lori bila kuharibika. Mara nyingi huwa la CDR, AI, EPS, SVG au PDF. Picha ya JPEG peke yake haitoshi. Faili likitumwa kwa WhatsApp litumwe kama hati, kwa maana likitumwa kama picha programu hulibana na kulipunguzia ubora. Nakala iwekwe kwenye barua pepe ya kikundi, siyo ya katibu.

Pamoja na faili, mwenye bidhaa apate karatasi fupi iliyosainiwa na mchoraji ikieleza kwamba mchoro umelipiwa na haki zote ni za mnunuzi. Siku hizi wengine hujichorea wenyewe kwa programu za simu zenye violezo. Kwa kuanzia si vibaya, ila kiolezo kile kile kiko mikononi mwa maelfu ya watu wengine, na mchoro ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia ni vigumu kuudai kuwa wako.

Jina liandikishwe wapi

Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa hapa, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo linatumika Afrika Mashariki yote na hakuna anayelimiliki. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala miaka ya 2010, haikuweza kulifanya neno hilo mali yake peke yake. Ilichofanya ni kuliongezea neno jingine na kuwavalisha waendeshaji wake rangi ya machungwa inayoonekana kutoka mbali. Mwenye bidhaa ndogo anaweza kuiga hilo. "Asali Safi" na "Unga Bora" ni maneno ya kueleza bidhaa, na ofisi za usajili kwa kawaida hukataa kumpa mtu mmoja maneno kama hayo. "Tororo" na "Busia" ni mahali pa wote.

Kuandikisha jina la biashara hakulindi nembo, ingawa wengi huchanganya mambo haya mawili. Nembo huandikishwa kama alama ya biashara. Kenya kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwandani (KIPI), Uganda na Idara ya Huduma za Usajili (URSB). Usajili wa Nairobi haumlindi mtu Kampala, na wa Kampala haumlindi Nairobi. Jumuiya haina alama moja ya biashara kwa nchi zote. Kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018 kilipunguza foleni ya mizigo, lakini majina bado yana foleni mbili.

Kabla ya kuchapa chochote, mwenye bidhaa aombe upekuzi katika ofisi zote mbili kujua kama kuna anayetumia alama inayofanana. Maombi hufanywa kwa daraja la bidhaa: sabuni iko daraja la 3, siagi ya karanga la 29, unga na asali la 30. Aliyeandikisha unga pekee hana ulinzi kwenye sabuni. Alama ikikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Anayeuza upande wa pili aendelee kusoma matangazo hayo hata baada ya yake kupita, maana aliyekaa kimya wakati jina lake linaombwa na mwingine atalazimika kulidai baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Alama iliyoandikishwa Kenya hudumu miaka 10 na huhuishwa kwa miaka 10 mingine. Uganda, chini ya sheria ya mwaka 2010, kipindi cha kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Aliyeandikisha pande zote mbili mwaka mmoja ajue kwamba cheti cha Kampala kitaisha miaka mitatu kabla ya kile cha Nairobi.